Nyongeza ya mshahara mgahawani itafute kwenye kisu

Mgahawa wangu uko Buguruni, Dar es Salaam, na wateja wangu wengi ni mafundi, madereva na wachuuzi wa sokoni. Wenzangu wenye migahawa huniambia kwamba wangependa kuwalipa wahudumu vizuri, ila biashara hairuhusu. Naamini inaruhusu, mradi hesabu ianzie kwenye sahani moja, si kwenye pesa iliyobaki kwenye droo jioni.

Chukua chakula kinachotoka zaidi. Kwangu ni wali nyama, 3,500. Mchele nanunua kwa gunia, kilo inaniangukia 3,000 na inatoa sahani nane, kwa hiyo kila sahani ni shilingi 375. Nyama ni 12,000 kwa kilo. Kipande cha gramu 100 kikiwa kibichi ni 1,200. Mafuta, vitunguu, nyanya na viungo 300. Maharage na mchicha wa pembeni 250. Gesi 150. Jumla 2,275. Inabaki 1,225, na humo ndimo itoke mishahara, pango, maji, umeme, kodi ya TRA na riziki yako.

Sasa ingiza mishahara. Wafanyakazi watano wa 250,000 kila mmoja, pamoja na asilimia 10 ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, anayochangia mwajiri, ni 1,375,000 kwa mwezi. Ukiuza sahani 100 kwa siku, siku 26, mishahara inachukua kama 530 kwenye kila sahani. Je, ukitaka kumwongeza kila mmoja 30,000? Pamoja na NSSF yake ni 165,000 kwa mwezi. Igawe kwa sahani 2,600: haifiki hata shilingi 64. Nyongeza inatisha ukiitazama kwa mkupuo mwisho wa mwezi, lakini kwenye sahani ni sitini na kitu.

Hizo sitini usimfuate nazo mteja. Bei za mtaani hupanda kwa mia tano, na mia tano inamhamishia jirani. Zitafute jikoni. Mpishi akikata nyama kwa macho, kipande cha gramu 110 kinakula shilingi 120 zaidi, karibu mara mbili ya ile nyongeza. Nunua mizani ndogo ya jikoni. Nyama ipimwe ikiwa mbichi, wali uchotwe kwa bakuli lilelile kwa kila mtu. Mteja hapunjwi hapo. Anapata kilekile leo na kesho, na kipande chake hakitegemei nani yuko zamu. Masika nyanya zikipanda, rudia hesabu yote upya, ila nyama usiipunguze kimyakimya. Watu wa Buguruni wanaona.

Halafu, hesabu hiyo waonyeshe wafanyakazi. Hili wengi hawalipendi, wanaona ni kufichua siri ya biashara. Mimi naona ndiyo kinga yake. Bandika karatasi jikoni: kilo ngapi zimeingia, sahani ngapi zimetoka. Kubalianeni kwa maandishi kwamba vipimo vikishikwa miezi mitatu mfululizo, nyongeza inaingia. Mpishi anayejua kuwa gramu kumi ndizo mshahara wake hahitaji kusimamiwa. Anayelipwa posho ya siku ataondoka asubuhi yoyote akipata pa kuongezwa buku, na utakayemleta utamlipa huku akiunguza wali na kukosea chenji.

Sahani ikivunjika au mteja akiondoka bila kulipa, usimkate mhudumu palepale. Makato yana utaratibu wake katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Kama wateja wanakuponyoka, walipe kaunta kwanza ndipo wapakuliwe.

Sheria hiyohiyo inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na za ziada zinalipwa mara moja na nusu. Mpishi anayefika saa kumi na moja alfajiri kwa ajili ya supu na chapati hawezi kuwa huyohuyo anayefunga usiku. Gawa zamu mbili: ya kwanza iishie saa saba na nusu mchana, ya pili ianze saa tano asubuhi na kuishia saa moja na nusu usiku. Kila zamu, ukitoa saa moja ya mapumziko, ni saa saba na nusu. Kwa siku sita ni 45 kamili. Na zamu zote mbili zinakutana wakati wa chakula cha mchana, pale mikono inapotakiwa.

Kabla ya kuandika mikataba, soma Amri ya Kima cha Chini cha Mshahara inayotumika sasa, kwa kuwa viwango hupangwa kwa sekta. Mishahara ipitie simu au benki, tarehe ileile kila mwezi. Na wewe mwenye mgahawa jipangie mshahara wako humohumo, uandikwe daftarini kama wa wengine, ili ada ya mtoto isichotwe kwenye pesa ya mchele wa kesho.