Somo: Kuchapa toleo la nakala 15 kwenye chumba cha giza, zote zifanane

Ukiandika 3/15 nyuma ya picha, umemwahidi mnunuzi mambo mawili: kwamba zipo 15 tu, na kwamba yake haipishani na ya mwenye 14/15. La kwanza ni hesabu. La pili ni kazi ya mikono, na ndilo somo lenyewe.

Tuchukue negativu moja ya nyeusi na nyeupe, tuichape kwenye karatasi ya nyuzi ya Ilford Multigrade FB Classic, sm 24 × 30.5.

Hatua ya 1: Karatasi. Nakala 15, za msanii 3 (huandikwa AP), na 6 za majaribio na kuharibika. Jumla 24. Zote zitoke fungu moja la kiwandani. Namba yake iko kwenye boksi. Mafungu hupishana kidogo katika kupokea mwanga, na tofauti hiyo huonekana kwanza kwenye anga na ngozi.

Hatua ya 2: Dawa, lita 2 kila trei, nyuzi joto 20.
- Devalopa (dawa ya kuibua picha) ya Multigrade 1+9: ml 200 kwa maji ml 1,800.
- Stopu (ya kusimamisha devalopa) ya Ilfostop 1+19: ml 100 kwa ml 1,900. Ikigeuka kutoka njano kuwa zambarau, imwage.
- Fiksa (ya kuifanya picha idumu) ya Rapid Fixer 1+4: ml 400 kwa ml 1,600.

Fiksa ndiyo inayowaponza wengi. Kwa picha ya kudumu miaka mingi, lita moja inatosha karatasi 10 za sm 20.3 × 25.4 tu, kwa saizi yetu hesabu 7. Kwa hiyo baada ya karatasi 14, mwaga zile lita 2 utengeneze mpya, hata kama bado inaonekana safi.

Hatua ya 3: Kadi ya vipimo. Usichape hata nakala moja ya toleo kabla kadi haijakamilika. Iandike kimo cha kichwa cha enlaja (mashine ya kukuzia picha) kwa milimita, tundu la lenzi, filta ya kontrasti, sekunde, na kila ulichozuia au kukiongezea mwanga. Mfano: f/8, filta 2½, sekunde 16, uso kingwa sekunde 3, anga ongezewa sekunde 8, kadibodi ikisogezwa muda wote ili pasibaki mstari.

Jaribio lazima likaushwe kabla ya kulihukumu. Karatasi ya nyuzi ikikauka huingia giza kidogo: weupe uliong'aa ndani ya maji unakuwa kijivu. Mara nyingi utapunguza mwanga kwa asilimia 8 hadi 10. Kausha kipande kwa mashine ya nywele, kiangalie chini ya taa ya kawaida, ndipo uandike sekunde za mwisho. Jaribio bora lililokauka ndilo nakala ya kiongozi. Litunze.

Hatua ya 4: Kuchapa. Washa taa ya enlaja dakika moja negativu ikiwa ndani, kisha hakiki fokasi. Negativu ikipata joto hupinda, na chembe zilizokuwa kali zinayeyuka katikati ya picha. Kishikio cha vioo viwili huzuia hilo, ila utafuta vumbi pande sita badala ya mbili: nne za vioo, mbili za negativu.

Devalopa dakika 2 kamili. Inua kona moja ya trei taratibu, ishushe, inua ya pili, bila kusimama. Usiitoe picha mapema kwa kuwa "imeiva". Weusi wa kina huja sekunde za mwisho. Stopu sekunde 10. Fiksa sekunde 60, basi. Ukiiacha dakika 5 hujaongeza usalama: fiksa inazama kwenye nyuzi za karatasi na kuitoa ni kazi.

Hatua ya 5: Kusuuza na toni. Maji yanayotiririka dakika 5. Seleniamu (dawa ya toni) 1+9, dakika 2 hadi 4, ukiwa na picha isiyotiwa toni ndani ya maji pembeni ya kulinganishia. Weusi ukishuka kina, toa. Vaa glavu, fungua madirisha. Kisha Washaid (dawa ya kusaidia kuitoa fiksa) 1+4 dakika 10, na maji ya mwisho dakika 5. Kama mtiririko wako ni hafifu, fika 20. Madoa ya njano yakitokea kwenye seleniamu, kosa si la seleniamu: fiksa ilikuwa imechoka au haikusuuzwa ikatoka.

Hatua ya 6: Kukagua na sahihi. Kausha juu ya wavu, nyoosha chini ya uzito, kisha linganisha kila moja na kiongozi, ubavu kwa ubavu. Isiyofanana chana. Sahihi, namba na mwaka wa kuchapa viandikwe nyuma pembeni kwa penseli laini, bila kukandamiza. Mkandamizo hutokea upande wa picha.

Maswali

*Mkuu, niko Mombasa, maji ya bomba yanafika 29. Niweke barafu kwenye trei?*
Barafu ndani ya dawa inaizimua. Igandishe kwenye chupa iliyofungwa, uiache ielee ndani ya trei, pima kila baada ya picha mbili. Maji ya kusuuzia nayo yasizidi 24 au hivi; kwenye joto tabaka la picha hulainika na koleo linalichuna.

*Kadi sikuigusa, lakini nakala ya 6 imetoka imepauka. Kwa nini?*
Angalia umeme kwanza. Ukishuka, taa ya enlaja hufifia na kuwa nyekundu zaidi, na karatasi ya Multigrade inapoteza mwanga na kontrasti kwa pamoja. Funga stabilaiza.

*Naweza kuchapa 5 sasa, 10 nikipata wateja?*
Ndiyo, mradi 15 imetangazwa tangu mwanzo. Fungu la karatasi likibadilika, kadi ya zamani ni pa kuanzia tu; fanya majaribio upya mpaka ufikie kiongozi.

*Negativu ichomwe baada ya 15/15?*
Mpiga picha Mmarekani Brett Weston alichoma zake nyingi mwaka 1991. Mwenzake Ansel Adams naye alichapa picha yake "Moonrise" ya 1941 zaidi ya mara 1,000 bila kuweka kikomo. Mimi nasema usichome. Iweke kwenye bahasha pamoja na kadi na orodha ya nani ana namba ipi; nakala ikiharibika kwa mnunuzi, orodha hiyo ndiyo itakayokuonyesha ni ipi.