Kugawa silabi na kuweka mkazo katika vitenzi vya Kihispania

Mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kihispania hufanya vivyo hivyo kwa neno linaloishia kwa irabu, n au s: HA-blo, HA-blas, HA-blan. Likiishia kwa konsonanti nyingine, mkazo huenda mwisho: ha-BLAR, co-MER. Linalokiuka kanuni hizo huandikwa alama, nawe uifuate: hablo ni "nazungumza", habló ni "alizungumza".

Gawa kwanza, mkazo baadaye. Konsonanti moja huenda na irabu inayoifuata: ca-mi-nan. Mbili hutenganishwa: man-dan. Hapa msemaji wa Kiswahili hukosea, kwa kuwa amezoea pa-nda, akasema ma-ndan. Zisizotengana ni ch, ll, rr, na baadhi ya zile zinazoishia kwa l au r, kama bl, gr, tr: a-bren, co-rren.

Kazi kubwa iko kwenye irabu zinazofuatana. A, e, o ni nzito. I na u ni nyepesi. Nzito mbili hutengana: le-er, cre-o. Nyepesi ikikutana na nzito huungana: cambio ni silabi mbili, CAM-bio. Ulimi wetu hutaka cam-BI-o, kwa sababu kwetu kila irabu ina silabi yake. Alama ikiwa juu ya i au u, zinaachana: co-MÍ-a, con-ti-NÚ-o. Tatizo ni kwamba kitenzi kikiwa katika umbo lake la msingi hakikuonyeshi lolote. Cambiar na enviar vinafanana mwisho, lakini cha pili hutoa en-VÍ-o. Basi kariri kila kitenzi cha -iar au -uar pamoja na umbo lake la "mimi".

Viambata, yaani vipande vinavyoongezwa mwishoni mwa neno, navyo vina mtego. Kwetu SE-ma ikiongezwa -ni mkazo unasogea, se-ME-ni. Kihispania hakisogezi: da, DA-me, DÁ-me-lo. Alama inatokea kwenye dámelo kwa sababu mkazo sasa uko silabi ya tatu kutoka mwisho, na neno la namna hiyo huandikwa alama daima: ha-BLÁ-ba-mos.

Maumbo ya silabi moja, kama fue, vio na dio, hayana alama, isipokuwa machache kama sé, "najua", inayotofautishwa na se. Ukikuta guió au crió katika kitabu cha zamani, jua kwamba tangu mwongozo wa tahajia wa 2010 huandikwa guio na crio.