Jinsi ya Kuwapokea Wachangiaji Wapya Katika Mradi wa Programu Huria

Mombasa haina uhaba wa vijana wanaojua kuandika programu. Wapo wanaosomea kazi hiyo katika Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa pale Tudor, na wapo wanaokutana Swahilipot, kituo cha vijana wa teknolojia na sanaa karibu na Fort Jesus. Hata hivyo, wengi wao hutumia kila siku programu huria, yaani zile ambazo msimbo wake (maandishi yanayoziunda) uko wazi kwa yeyote kuutumia na kuuboresha, bila kuwahi kuchangia hata mstari mmoja. Wasimamizi wa miradi husema kwamba vijana hawana ari, nami siafikiani nao, kwa sababu Wakenya walishaonyesha ari hiyo mwaka 2008, pale watu wa kujitolea walipoijenga Ushahidi, programu huria ya kukusanya taarifa za wananchi na kuzionyesha kwenye ramani, katikati ya ghasia zilizofuata uchaguzi. Mara nyingi kinachomfukuza mchangiaji mpya ni namna alivyopokewa, na hilo liko mikononi mwa msimamizi.

Anza na leseni, yaani maandishi yanayosema wengine wanaruhusiwa kuufanyia nini msimbo wako. Msimbo usio na leseni, hata ukiwa wazi mtandaoni, bado ni mali ya aliyeuandika, na mtu mwingine hana ruhusa ya kuubadilisha wala kuusambaza. Chagua leseni inayojulikana, kama vile MIT au GPL, kisha uiweke katika faili la LICENSE.

Baada ya hapo andika faili la CONTRIBUTING, ueleze jinsi ya kupakua msimbo, kuuendesha, kufanya majaribio na kutuma mabadiliko. Usiyaamini maelekezo yako mpaka umempa mtu ambaye hajawahi kuuona mradi, ukaketi kando yake bila kumsaidia, na ukaandika kila mahali anapokwama. Kumbuka pia kwamba wengi hupakua kwa data ya simu wanayoinunua wenyewe. Kwa mradi wenye historia ndefu, waelekeze watumie amri ya git clone --depth 1 (git ni programu ya kutunza msimbo na historia ya mabadiliko yake), ambayo hupakua hali ya sasa ya msimbo bila historia yake yote. Mkifanya kikao cha pamoja, weka vifurushi vyote vya programu vinavyohitajika kwenye flashi kabla watu hawajafika, la sivyo saa mbili za kwanza zitaishia kwenye kupakua.

Sasa tafuta kazi za kuwapa, na hapa ndipo penye uzito kuliko pote. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni wa programu huria hangoji siku ya tatu, kwani amekuja akilitafuta jembe lenyewe. Tuseme mradi wenu unaonyesha njia na nauli za matatu za mjini. Ukiandika tu "Rekebisha ukurasa wa nauli", mtu mpya hatajua aanzie wapi. Andika hivi: "Mtumiaji asipochagua kituo cha kushukia, ukurasa wa nauli hubaki mtupu. Tunataka aone ujumbe unaomwomba achague kituo. Msimbo unaohusika umo katika faili la nauli.js, na jaribio linalofanana na hili limo katika folda ya majaribio." Maelezo hayo yanataja tatizo, matokeo yanayotakiwa na mahali pa kuanzia. Yape alama ya "good first issue", ambayo GitHub, tovuti ya kuhifadhi miradi ya programu, huitumia kuwaonyesha wapya kazi nyepesi, kisha wakataze wazoefu wasiifanye kazi hiyo, hata kama ingewachukua dakika tano.

Mabadiliko ya kwanza yakitumwa, jibu upesi. Uchunguzi wa Mozilla, watengenezaji wa kivinjari cha Firefox, ulionyesha kwamba waliopata mapitio ya kazi yao ya kwanza ndani ya saa 48 walirejea kwa wingi sana, ilhali waliongoja zaidi ya siku 7 karibu wote hawakuonekana tena. Ikiwa huna nafasi ya kupitia kazi yote, mshukuru na umwambie siku utakayoipitia. Katika mapitio yenyewe, tenganisha linalozuia kazi isikubaliwe na lile ambalo ni pendekezo tu, na useme sababu ya kila badiliko unalolitaka. Makosa ya nafasi na mabano yaachie programu ya kukagua msimbo, maana kijana aliyesahihishwa mambo madogo ishirini mbele ya watu huona haya kurudi.

Haya hiyo huonekana pia katika maswali. Kwetu ni kawaida mdogo kuogopa kumuuliza mkubwa hadharani, kwa hiyo ataandika faraghani kwa WhatsApp: "Samahani kaka, nimekwama." Mjibu kwa upole, kisha umwombe ruhusa uliweke swali lake na jibu mahali pa wazi pa mradi, bila jina lake akipenda, ili wengine wenye shida hiyo wanufaike. Mruhusu aulize kwa Kiswahili.

Wasioandika msimbo wapewe kazi halisi pia: kutafsiri, kuandika maelekezo, na kuijaribu programu kwenye simu za bei nafuu ambazo watu wanazo kweli. Majina yao yaandikwe pamoja na ya waandishi wa msimbo.

Mtu akishachangia mara kadhaa kwa uangalifu, mpe mamlaka ya kupanga masuala, yaani orodha ya matatizo na kazi za mradi, na kupitia kazi za wenzake. Mwombe awe wa kwanza kuwajibu wapya, kwa kuwa bado anakumbuka hatua iliyomkwamisha, na hatua hiyo airekebishe mwenyewe katika faili la CONTRIBUTING.