Kabla Hujaita Gari: Karatasi ya Mgonjwa Iwe Tayari Nyumbani

Kama nyumbani kwako kuna mtu mwenye presha, kisukari, pumu, kifafa, selimundu au ujauzito, chukua karatasi na kalamu leo kabla hujalala. Usiseme utafanya Jumamosi. Siku akizidiwa, wewe unaweza kuwa kazini Posta na foleni haisogei, na atakayembeba ni mpangaji wa chumba cha pili au kijana wa bajaji, ambaye anachojua ni kwamba Mama Asha huwa anaumwaumwa. Mitaa yetu mingi haina gari la wagonjwa zaidi ya huyo kijana. Karatasi hii unamwandikia yeye, kwa sababu akifika mapokezi ataulizwa maswali, na hana majibu.

Juu kabisa weka jina kamili, mwaka wa kuzaliwa, na namba za ndugu wawili ambao simu zao hazizimwi. Jina liwe lile lililo kwenye kadi ya hospitali na ya bima. Akiandikishwa kwa jina la Mama Asha, faili lake la miaka yote halitaonekana, na ataanza kuulizwa historia upya wakati hawezi kusema. Ongeza namba ya faili, namba ya bima na kliniki anayohudhuria. Kundi la damu kama unalijua liandike, ila usihangaike nalo sana: hospitali itapima yenyewe kabla ya kumwongezea damu.

Dawa zinazomkataa zina mstari wake. Usiandike tu kwamba ana aleji. Andika ni dawa gani na ilimfanya nini: alivimba midomo, alitoka malengelenge, alishindwa kupumua. Anayekataliwa na salfa akumbuke kwamba salfa imo kwenye Septrin na imo pia kwenye SP ya malaria. Wengi wanaijua moja tu.

Sasa dawa anazotumia. Hapa nisikilize vizuri.

Shangazi yangu aliishi na kisukari miaka mingi. Dawa zake alinunua duka la jirani, zikihesabiwa na kutiwa kwenye vimfuko vidogo, kimoja kimeandikwa 1×2, kingine 1×1, basi. Mchana mmoja wajukuu walimkuta mkekani ameloa jasho, anaongea maneno yasiyoeleweka, na baada ya muda akawa haitiki kabisa. Majirani wakamkimbiza kwa bajaji. Sukari ilipopimwa ilikuwa imeshuka mno, akatundikiwa dripu ya glukosi, akafumbua macho na kuomba chai. Watu wakashukuru Mungu. Daktari akauliza anatumia dawa gani. Wakajibu, za sukari. Za sukari zipi? Vidonge vyeupe. Mmoja akarudi nyumbani mbio kuleta vimfuko, na kweli vidonge vilikuwa vyeupe, havina jina popote. Ikachukuliwa kwamba ni metformin, maana ndiyo wanayotumia wengi, na metformin peke yake kwa kawaida haishushi sukari hadi mtu azimike. Ikaonekana bibi hakula vizuri. Jioni akaruhusiwa.

Kimfuko cha pili kilikuwa na glibenclamide. Dawa hiyo hulisukuma kongosho litoe insulini, ambayo hushusha sukari, hata sukari inapokuwa chini, na kwa mzee ambaye figo zake zimechoka hukaa mwilini muda mrefu, ikaendelea kufanya kazi wakati dripu imeshakwisha. Mgonjwa wa namna hiyo hulazwa, akapimwa sukari mara kwa mara usiku kucha, hata siku ya pili. Yeye alilala kitandani kwake. Usiku sukari ikashuka tena, na waliokuwa naye wakamwacha apumzike kwa kuwa mchana ulikuwa mzito. Alfajiri alikuwa anakoroma vibaya na haamshiki. Hakufa siku ile, lakini akili yake haikurudi yote. Mpaka tunamzika baadaye, wajukuu aliowalea mwenyewe alikuwa akiwaita kwa majina ya wadogo zake.

Jina moja la dawa lingemlaza wodini usiku ule. Ndiyo maana sikubali kusikia "vidonge vya presha vya rangi ya waridi". Dukani mwambie mhudumu aandike jina la dawa na nguvu yake juu ya kimfuko. Akikunja uso, mwache akunje, wewe simama hapo hadi aandike. Bora zaidi omba zikiwa kwenye karatasi yake ya kiwandani. Kisha nakili herufi kwa herufi: glibenclamide, miligramu 5, asubuhi na jioni. Kata kipande cha boksi ukitie kwenye bahasha pamoja na karatasi, kwa sababu mwandiko unaweza kusomwa vibaya. Insulini, warfarin na nyingine za kuzuia damu kuganda, dawa za kifafa na za steroidi, zipigie mstari mwekundu. Mtu anayetumia warfarin akianguka na kugonga kichwa, daktari anapaswa kujua pale pale, hata kama kwa nje hana jeraha. Andika pia mizizi na unga wa mganga, kama anatumia. Anayempeleka mgonjwa akiweza, aandike na saa: mara ya mwisho mgonjwa alimeza dawa lini, na alikula lini.

Kuna habari ambazo familia hazitaki ziandikwe. Anayetumia dawa za VVU ana haki ya siri yake, na sitaki ubandike jambo hilo ukutani. Lakini daktari lazima ajue, kwa kuwa dawa hizo hugombana na nyingine nyingi. Funga bahasha ndogo, ipige gundi, andika juu "Afungue daktari peke yake", uiweke ndani ya ile kubwa. Ongea na mwenyewe kwanza, akubali kwa mdomo wake.

Mwenye mtoto wa selimundu aandike kiwango cha damu anachokuwa nacho akiwa mzima. Kama kawaida yake ni 7, daktari asiyemjua anaweza kuona 7 akadhani damu imeporomoka leo. Mjamzito kadi yake ya kliniki isikae kwenye mkoba anaobadilisha kila siku. Kwa Tanzania Bara, namba 115 ni ya bure kwa usafiri wa dharura wa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Zimamoto na uokoaji ni 114, polisi 112. Ziandike kubwa.

Bahasha ikae wapi? Nimeona ushauri wa kuibandika kwenye friji. Kwenye nyumba ya kupanga, friji iko ndani ya chumba kilichofungwa. Itundike nyuma ya mlango, kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha maji, na nakala apewe jirani mmoja unayemwamini. Isifungiwe kabatini pamoja na hati ya kiwanja. Simu nayo inaweza kuonyesha taarifa za dharura bila namba ya siri, kwa hiyo ziweke, lakini simu huzima chaji na huibwa kwenye vurugu, karatasi ibaki palepale.

Kwenye karatasi hiyohiyo andika jinsi ya kufika kwako. Zoezi la anwani za makazi la mwaka 2022 liliacha namba kwenye nyumba nyingi, itumie, halafu ongeza maelezo ya kawaida: shuka kituo fulani, pita msikitini, geti la bluu mkono wa kushoto. Aliyechanganyikiwa kwa hofu hawezi kuelekeza dereva kwa simu, atakuwa analia tu. Mpe cha kusoma.

Kila akitoka kliniki, sahihisha. Dawa iliyosimamishwa ifutwe, tarehe iandikwe juu, na nakala ya jirani ibadilishwe siku hiyohiyo, kwani karatasi ya mwaka juzi inaweza kumpotosha daktari. Wafundishe watoto wa nyumbani ilipo, hata wa darasa la pili anaweza kuikimbilia. Mgonjwa akiwa hajitambui, asinyweshwe chochote mdomoni, wala maji, wala soda. Ufunguo wa geti usiku ujulikane ulipo. Nauli ya dharura iwekwe kando na isiguswe kwa ajili ya sukari ya chai. Mlango wa chumba cha mgonjwa usifungwe kwa komeo la ndani, na simu ya mtu mmoja nyumbani ilale ina chaji.