Kusomea Famasia Ukiwa na Miaka Arobaini: Namna ya Kufikia Uamuzi

Anza na cheti chako cha kidato cha nne, kabla hujauliza ada ya chuo chochote na kabla hujamwambia mwajiri wako lolote. Kujiunga na stashahada ya sayansi ya famasia hapa Tanzania kunataka ufaulu usiopungua alama D katika masomo manne yasiyo ya dini, na kati ya hayo manne lazima kemia na baiolojia ziwemo. Hisabati na Kiingereza huongeza nguvu ya maombi, lakini haziwezi kuziba pengo la kemia. Hata kama una shahada ya biashara na miaka ishirini katika utalii, haviwezi kusimama mahali pake. Mimi nilikitoa cheti changu kwenye bahasha ya kaki ambayo sikuwa nimeifungua tangu nilipoolewa, nikakuta baiolojia C na kemia F, na usiku ule niliamini kwamba safari imeishia hapo.

Haikuishia hapo, kwa sababu F ya ujana inaweza kufutwa. Utajiandikisha miezi ya mwanzo ya mwaka kama mtahiniwa wa kujitegemea, na mtihani utaufanya Novemba pamoja na wanafunzi wa shule. Uliza mapema kama kituo unachokusudia kina maabara na mwalimu wa kemia anayefundisha watu wazima jioni au Jumamosi, kwa kuwa kemia haisomeki vizuri kwa kukariri daftari la mtu mwingine. Mwaka huo mmoja wa kurudia somo ni kipimo kizuri kuliko ushauri wowote utakaopewa: ukiweza kutoka kazini saa kumi na moja, ukapika, kisha ukakaa na fomula za mole hadi saa nne usiku kwa miezi kumi, umekwisha kujijibu nusu ya swali. Ukishindwa, umepoteza ada ya mtihani na muda wa jioni, na kazi yako bado unayo.

Baada ya cheti, hesabu miaka, na uihesabu kwa kuanzia mwisho. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma huweka sharti la umri usiozidi miaka 45 kwa waombaji wote, isipokuwa wale walioko tayari kazini serikalini. Stashahada ni miaka mitatu, yaani ngazi ya 4, ya 5 na ya 6. Mwenye miaka 41 anayehitaji kurudia kemia atafanya mtihani Novemba, ataingia chuoni mwaka unaofuata akiwa na 42, na atahitimu akiwa na 45, bado hajasajiliwa wala hajaitwa kwenye usaili. Kwa hiyo aliyevuka arobaini na moja katika hali hiyo aiondoe ajira mpya ya serikali kwenye hesabu zake, apime kama kazi ya famasi za watu binafsi, hospitali za mashirika ya dini au duka lake mwenyewe inamtosha. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu katika chuo kimoja nilichokwenda kuulizia, niliambiwa bila kuulizwa umri wangu kwamba serikali inachukua wahitimu wote. Maneno hayo yangeweza kunigharimu akiba ya miaka kumi.

Mwalimu, muuguzi au karani aliyeko serikalini yuko katika nafasi tofauti na iliyo bora. Yeye aombe ruhusa ya masomo kwa maandishi, na aulize, pia kwa maandishi, kama akihitimu atabadilishiwa kada au atarudishwa kwenye kiti chake cha zamani, kwa sababu ruhusa ya kusoma haina maana ya ahadi ya cheo kipya.

Amua pia ni ngazi gani hasa unayoitaka, maana mtu akisema anataka kusomea famasi huenda anazungumzia mambo yaliyo mbali sana. Yupo mtoa dawa katika duka la dawa muhimu, mpango ulioanzia Ruvuma mwaka 2003, ambaye kwa kawaida ni mtu mwenye msingi wa afya, kama muuguzi msaidizi, aliyepitia kozi fupi. Yupo fundi dawa sanifu, ambaye ndiye mwenye stashahada. Kisha yupo mfamasia, mwenye shahada ya miaka minne na mwaka mmoja wa utarajali, yaani mazoezi ya kazi chini ya usimamizi. Wote hawa wako chini ya Baraza la Famasi, kwa Sheria ya Famasi ya mwaka 2011. Anayetoka kwenye F ya kemia hadi ufamasia kwa njia ya stashahada anatazama mwaka mmoja wa kurudia, mitatu ya stashahada, minne ya shahada na mmoja wa utarajali, jumla miaka tisa, na huenda akalazimika kuhamia Dar es Salaam kusoma Muhimbili, au Mwanza, au Dodoma. Kwa mtu wa miaka arobaini mwenye watoto Sakina, Arusha, au Pasua, Moshi, ushauri wangu ni kuilenga stashahada kana kwamba ndiyo mwisho wa safari. Shahada ikija baadaye, iwe ni nyongeza.

Ikiwa kinachokuvuta ni biashara, elewa kwamba huhitaji kwenda darasani. Mtu asiye na taaluma anaweza kumiliki famasi akiwa na mfamasia msimamizi kwa mkataba, na mtaji wa ada ukawa mtaji wa duka.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo watu wa umri wetu huliruka, nami ningependa ulipe muda kuliko mengine yote. Mwombe mwenye famasi unayemfahamu akuruhusu kukaa nyuma ya kaunta, bila kugusa dawa, kwa jioni sita mfululizo, kuanzia saa kumi na moja hadi wanapofunga. Usiende asubuhi, kwa kuwa asubuhi huonyesha rafu safi na kiyoyozi. Jioni utaona msaidizi akimimina vidonge kwenye kisahani cha kuhesabia, akivisogeza vitano vitano kwa kijiti bapa, akiandika 1 x 3 kwenye bahasha ndogo, kisha akirudia maelezo yale yale kwa mtu wa arobaini kwa sauti ile ile ya upole aliyokuwa nayo kwa mtu wa kwanza. Utaona cheti cha daktari ambacho mwandiko wake hausomeki, na utaona kwamba jibu sahihi ni kumpigia aliyeandika, hata foleni ikiwa imefika mlangoni.

Katika juma langu la aina hiyo, pale Moshi mjini, aliingia mama mmoja kutoka Majengo akiwa na shilingi elfu moja mkononi, akaomba vidonge vitano vya amoksilini kwa ajili ya kikohozi cha mjukuu. Fundi dawa aliyekuwa zamu hakumfokea na hakumpa. Alimuuliza umri wa mtoto, kama anapumua kwa shida, kama ananyonya, kisha akamweleza kwamba nusu ya dozi haiponyi, bali huvifundisha vimelea kuizoea dawa, akamwandikia kwenye karatasi jina la kituo cha afya kilicho karibu na kumsihi aende usiku ule ule. Mama akasema, "Mwanangu, mbona duka lile la kule wananipa?" Fundi dawa akajibu, "Najua, mama, lakini mimi siwezi kukupa kitu kitakachomdhuru huyo mtoto." Mauzo yalipotea. Kama ukiwa umekaa pale utahisi kwamba jibu lile ni usumbufu, achana na famasia. Mimi nilirudi nyumbani nikijua kwamba kazi ninayoitaka ni ile.

Kuhusu akili ya mtu mzima kurudi darasani, hofu nyingi hazina msingi, ila hesabu zinataka kupimwa. Jaribu hii: mtoto ana kilo 10, anatakiwa kupewa parasetamoli miligramu 15 kwa kila kilo, na sirapu iliyopo ina miligramu 120 katika mililita 5, apewe mililita ngapi? Jibu ni 6.25. Ukilipata kwa utulivu, au ukilikosa kisha ukaelewa kosa lilipo, hesabu za chuo hutazishindwa. Majina ya dawa nayo yana ukoo wake: atenololi, propranololi na bisoprololi zina mwisho mmoja kwa kuwa ni kundi moja, na mtu mzima aliyezoea kupanga mambo hushika makundi haraka kuliko kijana anayekariri jina moja moja.

Fedha zihesabiwe kwa ukweli. Vyuo vya afya hufundisha kutwa, na mafunzo ya vitendo hospitalini huchukua majuma mazima, hivyo usitegemee kushika kazi na masomo pamoja. Gharama kubwa kwa hiyo si ada. Ni mshahara unaoacha kuingia. Anayepata shilingi 600,000 kwa mwezi ataachia shilingi 21,600,000 kwa miaka mitatu, kabla ya ada, mitihani, sare na nauli ya kosta kati ya Arusha na Moshi. Bodi ya Mikopo imekuwa ikitaka mwombaji asizidi miaka 35, kwa hiyo usijenge mpango wako juu yake. Kaa na mwenzi wako, na watoto wakubwa kama wapo, mkiwa na daftari mbele yenu, mwandike nani atalipa nini kila muhula. Sisi tulikodisha chumba cha uani na kuuza gari, na mume wangu aliandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba ada ya mtoto wa pili ataibeba peke yake hadi nitakapohitimu.

Ikiwa hadi hapa majibu yako bado yanasema ndiyo, hakiki chuo. Kiwe kimesajiliwa na NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi na vya kati, na programu ya famasia yenyewe iwe imo kwenye mwongozo wao wa udahili wa mwaka huo, kwa kuwa chuo kinaweza kuwa na ithibati ya uuguzi kisiwe nayo ya famasia. Moshi ipo Kilimanjaro School of Pharmacy, iliyo chini ya St. Luke Foundation, na ni vyema kuitembelea hata kama utasoma kwingine, ili uone maabara ya famasia inavyopaswa kuwa. Waulize wanafunzi wa mwaka wa tatu, wakiwa nje ya ofisi, wanafanyia wapi mafunzo ya vitendo: kama ni hospitali za Mawenzi, KCMC au Mount Meru, au kama huachwa wajitafutie wenyewe. Barua ya kuacha kazi iandikwe baada ya kupata jina lako kwenye orodha ya waliochaguliwa.