Kufungua dashibodi ya Toyota ndogo bila kuvunja plastiki wala kufyatua eabegi

Gari za visiwani hufunguliwa dashibodi zaidi kwa mambo matatu: evaporeta ya AC (kipozea hewa kilichomo ndani ya dashibodi) imetoboka, panya amekula waya, au maji ya masika yamepenya chini ya kioo cha mbele yakaingia kwenye plagi. Maelezo haya ni ya Toyota ndogo kama Vitz, IST na Raum. Ni kazi ya nusu siku, na mwisho wake inataka watu wawili.

Weka tayari soketi namba 10, 12 na 19, toksi T30 (ya ncha ya nyota yenye pembe sita), bisibisi za nyota ndefu na fupi, tochi ya kichwani, tepu ya karatasi, kalamu, na vikopo vya skrubu. Cha kubanduliwa klipu kiwe cha plastiki. Ukikosa, chonga kipande cha mwanzi kiwe bapa, kinafanya kazi vizuri sana. Bisibisi bapa ya chuma isikaribie plastiki, na mashine ya umeme ya kufungulia skrubu iache sandukuni: inakula matundu ya skrubu kabla mkono haujahisi chochote.

Hatua ya 1: Umeme

Kabla ya kugusa betri, tazama redio. Redio nyingi za Japani zenye navigesheni zikikatiwa umeme hudai namba ya siri iitwayo ERC, na bila ya namba hiyo hazifunguki. Mwambie mwenye gari mapema, akubali au atafute namba kwanza.

Kisha nyoosha magurudumu, toa ufunguo, fungua ncha hasi ya betri na uifunike kitambaa. Toyota inataka usubiri sekunde 90 zisizopungua, kwani kompyuta ya eabegi (mfuko wa hewa wa ajali) ina akiba ya umeme ndani yake. Subiri dakika 10. Hakuna kazi ya gereji inayostahiki kuharakishwa hapo.

Hatua ya 2: Eabegi na usukani

Plagi zote za njano ni za eabegi. Usizipime kwa multimita, maana hata umeme wake mdogo unaweza kufyatua. Regeza bolti mbili za T30 ubavuni mwa usukani, vuta eabegi kidogo, toa kwanza kufuli la plagi, ndipo uchomoe. Ibebe uso ukiwa umeelekea mbali na mwili wako, ilaze uso juu, kivulini, pasiwe na kitu juu yake.

Jambo hili lichukuliwe kwa uzito kwetu. Gari nyingi za miaka ya 2000 zilifungwa vifyatuzi (vyombo vya kujaza eabegi) vya kampuni ya Takata, ambavyo baruti yake ya amonia naitreti huharibika kwa miaka mingi ya joto na unyevu, na kikifyatuka chuma chake kinaweza kupasuka na kumrukia dereva. Joto na unyevu ndiyo hali yetu ya mwaka mzima. Namba ya chesisi huweza kutafutwa kwenye tovuti ya Toyota ya Japani kujua kama gari ilitakiwa kurudishwa ikarekebishwe.

Usukani: tia alama kwenye shafti, regeza nati namba 19 lakini usiitoe yote mpaka usukani uachie, maana ukitoka kwa ghafla unakupiga uso. Nyuma yake kuna kaseti ya plastiki yenye utepe wa waya. Igandishe kwa tepu isizunguke.

Hatua ya 3: Vipande vidogo

Toa vifuniko vya nguzo za kioo, droo, fremu ya redio, redio, swichi za AC, mita. Acha gari ipate jua nusu saa kwanza ili plastiki ilainike.

Hatua ya 4: Bolti zilizojificha

Hapa ndipo dashibodi nyingi zinapovunjwa. Umefungua kila unachokiona, unavuta, upande mmoja unainuka na mwengine umeshika, unaongeza nguvu, na sikio la plastiki linakatika. Dashibodi iliyofunguliwa kweli huachia kwa mikono miwili bila ya kukaza misuli. Ikigoma, kuna bolti.

Anza ncha mbili za pembeni: fungua mlango utazame vifuniko vidogo vya mviringo, bolti iko nyuma yake. Nenda chini ya kioo, mahali palipofunikwa na vifuniko vya nguzo. Halafu nyuma ya redio, chini ya mita, na karibu na giya, mara nyingi nyuma ya zulia. Ya mwisho ndiyo inayosahauliwa zaidi: eabegi ya abiria imefungwa kwenye mhimili wa chuma, na bolti yake huioni mpaka droo itoke na ulale chali sakafuni na tochi. Chomoa na plagi yake ya njano hapo hapo.

Kila bolti ifungie kwenye tepu na uandike ilipotoka. Bolti ndefu ikirudishwa pa fupi hutoboa waya kwa nyuma.

Hatua ya 5: Plagi na waya wa ethi

Piga picha kabla ya kuchomoa. Kwenye mbavu za chini karibu na milango kuna waya za ethi zilizofungwa kwenye bodi, na hewa ya chumvi huzitia kutu. Zipige msasa mpaka chuma king'ae. Plagi zenye ukijani zisafishe kwa dawa ya plagi, si kwa mafuta ya breki.

Hatua ya 6: Kutoa

Mmoja kila upande, vuta kwenu kwanza, inua, toa kwa mlango wa abiria. Kama unafuata evaporeta, gesi itolewe kwa mashine ya fundi AC kabla ya kufungua paipu.

Kurudisha

Utepe wa kaseti ya usukani ukiwa ulizunguka, uzungushe kinyume na saa taratibu mpaka ugome, kisha urudishe kama mizunguko miwili na nusu mpaka alama zikutane. Unganisha plagi zote za njano kabla ya betri. Washa swichi: taa ya eabegi iwake sekunde sita hivi, izime. Ikibaki inawaka, kata betri, subiri tena, na anza kukagua kufuli la plagi ya usukani.