Mvua Ikikukuta na Mahindi Shambani

Shamba langu ni nusu ekari, hapa Ruai, na linateremka hadi Mto Nairobi. Mwisho wa Aprili 2024 mto ulifurika usiku, na kulipokucha mistari tisa ya chini ilikuwa imezama. Mahindi hayo niliyapanda Desemba, mvua za El Niño zikiwa bado zinanyesha, kwa hiyo yalikuwa yamekomaa. Lawama ni zangu: wiki mbili nilikaa nikingoja jua.

Usilingoje. Menya hindi moja, ng'oa punje ya katikati, kwangua kwa ukucha ile ncha iliyoshikana na gunzi. Ukiona doa jeusi, hindi halinyonyi tena chochote kwenye bua. Limebakiza kukauka tu, na kwenye mvua halikauki. Maji yanapenya kwenye maganda, punje zinaota zikiwa kwenye gunzi, bua linaoza chini na kulala matopeni. Anza na yale yaliyofunguka ncha. Ambayo hutayawahi leo, vunja bua chini kidogo ya hindi ili ncha itazame chini na maji yateleze.

Yaliyofunikwa na mafuriko ni habari nyingine. Mto wetu unabeba maji taka ya jiji zima. Jirani aliniuliza, "Mama, si utayaosha tu?" Nikamwambia, "Mzee, maji yameingia hadi ndani ya maganda, nitaosha nini?" Hata kuku sikuwapa, nilichimba shimo nikayafukia. Vuna kwanza ya juu, uyatie kwenye magunia yake, kabla hujashika ya chini.

Yakifika nyumbani, yamenye siku hiyo hiyo. Mimi nilisahau gunia moja jikoni usiku kucha. Asubuhi nilipotia mkono ndani, lilikuwa na joto kama kiporo kilichofunikwa, na harufu ya chachu. Tandaza mahindi kwenye turubai, tabaka moja, madirisha wazi, ugeuze mara kwa mara. Jiko la makaa kwenye chumba kilichofungwa usithubutu; moshi wake usioonekana unaua. Na usiyapukuchue yakiwa mabichi, punje zinapasuka na ukungu unapata mlango. Yenye ukungu wa waridi, wa kijani au wa kijivu, yatoe yote. Sumu ya aflatoksini, inayotokana na ukungu, haiondoki kwa kusaga wala kwa kusonga ugali; mwaka 2004 iliua zaidi ya watu 100 huku Ukambani na kwingineko.

Kupima kama yamekauka, mimi hutumia chupa ya soda ya kioo, kavu kabisa. Natia punje hadi theluthi moja, naongeza vijiko viwili vya chumvi niliyoianika juani, naziba, natikisa dakika chache, kisha naiacha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu bado umezidi asilimia 15. Isipoganda, usishangilie haraka: ya kuweka stoo yanatakiwa yashuke hadi 13.5, kwa hiyo yangu huyapa siku mbili zaidi za jua. Yale magunia yasiyopitisha hewa yanazuia wadudu, lakini ukiyajaza mahindi yenye maji utafungia uozo ndani.

Nilipata magunia mawili na debe moja. Ile mistari tisa sasa nimepanda nyasi ya napia.